Mpangaji

Kaunta buku jekundu, nimelinunua dukani kwa Mbarouk, Wete.
Ukurasa wa kwanza nimeandika SAFARI,
nikapiga mstari kwa rula.
Mama kapita na sinia la mikate ya kumimina:
"Wafanya nini saa hizi?"
"Napanga, Mama."
"Wapanga wapi? Kwani hapa pamekushinda?"

Sikumcheka. Ni lugha iliyotutega:
mwenye kupanga safari na mwenye kupanga chumba
hugawana kitenzi kimoja,
kama ndugu wawili wenye kanzu moja ya Idi.

Basi nimepanga.
Kwanza jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Raya,
pasipoti inasema Rayya;
karani alikuwa na kalamu isiyojizuia.
Nikenda mahakamani, nikaapa
kwamba mimi na mimi ni mtu mmoja.
Wakapiga muhuri, nikalipa, nikapewa risiti.

Halafu tarehe. Cheti kinasema mosi Julai.
"Julai gani?" Mama kauliza. "Ilikuwa vuli.
Karafuu zimo jamvini, mbichi, mvua ikashuka,
mkunga kanikuta nazikusanya, huku uchungu umenishika."
Hakuna fomu yenye kisanduku cha karafuu mbichi.
Nimejaza mosi Julai.

Zamu za usiku, wodi ya wazazi ikitulia,
najifunza Kijerumani: maneno marefu kama foleni ya benki.
Nishaweza kumuuliza mtu nisiyemjua
panamuuma wapi. Jibu lake bado silielewi.

Ubalozi wataka kuona akaunti iliyoshiba.
Shemeji Ngwali kaniazima zake,
zimelala humo mwezi wa tatu sasa
kama mgeni wa heshima: haziguswi,
wala haziulizwi zaondoka lini.

Usiku wa kodi ndio uliokuwa mrefu.
Nilimweleza: huko mshahara hukatwa
kabla haujaonja mkono,
na asiye na mume hukatwa zaidi.
Na huku nitake barua kwamba sidaiwi.
Na kile kibanda cha Limbani
anachoshonea Hidaya, kipato chake
kiandikwe huku, au huko, au kote?
Sijui. Nimeweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.

"Kodi," kasema, "ya nyumba?"
"Ya serikali."
"Ala! Kumbe serikali ndiyo mwenye nyumba."
Kapuliza chai.
"Na fomu hii yauliza dini," nikasema.
"Ya nini?"
"Ya kodi hiyo hiyo. Wengine hukatwa fungu la kanisa."
"Andika Muislamu, mwanangu. Tena herufi kubwa."

Miaka mitano, niliandika. Nikafuta.
Nikaandika mitatu. Nikafuta.
Pale karatasi imetoboka,
waona ukurasa wa pili, na hauna kitu.

Juzi miadi ya Dar ikatoka, tarehe kumi na tisa.
Mama kafungua kopo la maziwa ya unga,
kanihesabia ada ya viza na nauli ya boti, noti mpya mpya.
"Umezipata wapi?"
"Chumba chako. Nimekipangisha.
Mwalimu wa hesabu, katoka Tumbatu,
kalipa miezi sita kwa mkupuo. Ahamia Jumamosi."

Hakuwa na daftari. Hakupiga mstari kwa rula.

"Mama, viza yenyewe sijapata! Nikinyimwa?"
"Utalala na mie. Hukatwi kitu."

Leo alasiri Mwalimu Vuai kaja na futi kamba,
kapima dirisha, apate kununua pazia.
Nilikuwa nakunja vitabu na mashuka kwenye boksi.
Kasimama katikati ya chumba, akitazama dari,
kisha kaniuliza kwa adabu,
kama aulizwavyo mpangaji anayetoka:
"Huvuja?"

Nikamwonesha.
"Kona ile. Masika tu.
Ndoo iko nyuma ya mlango."